Chuma cha Moto na Mashahidi Wawili

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno moja kwa mambo mawili. Kiapo ni maneno anayoyatamka mtu mbele ya wenzake huku akimtaja Mungu kuwa shahidi wake. Lakini kiapo, katika Kiswahili cha zamani, ni pia lile jaribio alilopewa mtuhumiwa: ashike chuma cha moto, au, kama ilivyokuwa bara, anywe mwavi, kisha watu watazame litakalotokea. Neno moja limebeba yote mawili kwa sababu wazo lake ni moja. Binadamu ameshindwa kujua, basi na aulizwe Yeye ajuaye. Nimelikumbuka neno hili mara nyingi nikisoma habari za falme za Ulaya katika Zama za Kati, maana huko nako mahakama zilisimama juu ya kiapo, kwa maana zote mbili, kwa muda wa karne nyingi. Na kilichosaidia kuziondoa hapo kilikuwa kitabu cha sheria cha dola iliyokwisha kufa.

Mimi si mwanahistoria wa kusomea. Kwa miaka kadhaa nilikaa katika mahakama ya mwanzo kama mzee wa baraza, nikisikiliza kesi za mipaka ya mashamba, mahari na mifugo, na swali lililonisumbua kuliko yote halikuwa swali la sheria. Lilikuwa hili: tutajuaje? Watu wawili wamesimama mbele yako, kila mmoja ameapa kwa kitabu chake, na mmoja wao anasema uongo. Ndiyo maana niliposoma kwamba sheria ya Kirumi ndiyo iliyozilea sheria za Ulaya, sikutosheka na maelezo ya kawaida kuhusu mikataba, milki na mirathi, ingawa hayo nayo ni kweli. Nilitaka kujua Warumi waliwafundisha nini wafalme wale juu ya swali langu.

Tuanze na jinsi sheria hiyo ilivyofifia. Kaisari wa mwisho wa Roma ya magharibi aliondolewa mwaka 476, na nchi zilizokuwa chini yake zikashikwa na wafalme wa makabila ya Kijerumani: Wavisigothi kusini mwa Ufaransa ya leo na Hispania, Waburgundi upande wa mto Rhône, Wafrank kaskazini. Wafalme hao hawakuifuta sheria waliyoikuta. Mwaka 506 Alaric II, mfalme wa Wavisigothi, alitoa muhtasari wa sheria za Kirumi kwa ajili ya raia wake wenye asili ya Kirumi. Mwaka uliofuata aliuawa vitani na Wafrank, lakini muhtasari wake ukaendelea kutumika kusini mwa Ufaransa muda mrefu baada ya yeye kusahauliwa. Wafrank nao wakaandika sheria yao, na humo damu ina bei: anayemwua Mfrank huru alipe solidi 200, anayemwua Mrumi mwenye ardhi alipe 100. Kila mtu alitembea na sheria ya kabila lake kama anavyotembea na jina la ukoo wake. Katika karne ya 9, Agobard, askofu mkuu wa Lyon, alilalamika kwamba watu watano waweza kuketi mahali pamoja na asiwepo hata mmoja mwenye sheria sawa na ya mwenzake. Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa sana. Sisi tumeishi na sheria za mila, za Kiislamu, za Kihindu na za serikali katika mtaa mmoja, hasa katika mambo ya ndoa na mirathi.

Katika mahakama hizo za makabila mtuhumiwa mwenye heshima zake alijisafisha kwa kiapo cha maneno. Alileta watu wa kuapa pamoja naye, pengine 6, pengine 12 au zaidi, kulingana na uzito wa kosa. Hao hawakuwa mashahidi wa tukio. Hawakudai kuwa wameona lolote. Waliapa tu kwamba kiapo cha mwenzao ni safi, yaani walikuwa mashahidi wa jina lake. Asiyeweza kupata waapaji, kwa kuwa ni mgeni, au maskini, au mtu aliyekwisha kushikwa na uongo zamani, alipelekwa kwenye kiapo cha pili. Padri alibariki chuma, kikatiwa motoni, naye akakibeba kwa mkono mtupu hatua kadhaa. Mkono ukafungwa kitambaa, na baada ya siku 3 ukafunguliwa: ukiwa unapona vizuri, ni mkweli, ukiwa umeoza usaha, ameshindwa. Au alifungwa kamba na kutumbukizwa katika maji yaliyobarikiwa. Akizama, maji yamempokea, hana hatia, na watu wakimbilie kumvuta. Akielea, maji yamemkataa.

Ni rahisi kucheka. Mimi sicheki, kwa sababu watu wale walikuwa na tatizo ambalo sisi tunalo, na walilipatia jibu ambalo jamii nzima iliweza kuliona kwa macho na kwenda nyumbani bila kupigana.

Sasa tuvuke bahari twende Constantinople, ambako dola ya Roma ya mashariki ilikuwa hai bado. Mwaka 527 alitawazwa kaisari Justinian, mtu mwenye haraka na mwenye kupenda makubwa. Alikuta maandishi ya wanasheria wa kale yamerundikana hata hakuna hakimu awezaye kuyasoma yote. Akamwagiza waziri wake Tribonian akusanye jopo la wataalamu wayapitie. Kwa maelezo ya Justinian mwenyewe, walipitia vitabu karibu 2,000 vyenye mistari zaidi ya milioni 3, wakaipunguza hadi 150,000. Kazi hiyo waliimaliza kwa miaka 3 tu, na Desemba 533 ikatolewa kwa jina la Digesta, katika vitabu 50. Zaidi ya theluthi ya maneno yake yametoka kwa mtu mmoja, Ulpian, mzaliwa wa Tyre, mwanasheria wa mwanzoni mwa karne ya 3 aliyeishia kuuawa na walinzi wa kaisari aliyemtumikia. Mshike jina huyu, msomaji, tutakutana naye tena. Pamoja na Digesta kulikuwa na mkusanyiko wa amri za makaisari, na kijitabu cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Katika magharibi kitabu hicho kilikuja kwa kuchelewa, na nusura kipotee. Justinian aliitwaa Italia kwa vita na mwaka 554 akaamuru sheria zake zitumike huko, lakini mwaka 568 Walombardi wakaingia na sehemu kubwa ya nchi ikamponyoka mrithi wake. Digesta ilikuwa ndefu, ghali kunakili, na yenye hoja nyembamba ambazo hakimu wa kijijini hakuwa na kazi nazo. Papa Gregory aliitumia katika barua yake moja ya mwaka 603. Baada ya hapo hati za magharibi ziko kimya juu yake kwa zaidi ya miaka 470.

Kimya kinavunjwa mwezi wa Machi 1076, mahali paitwapo Marturi, katika Tuscany, na kinavunjwa na kesi ya shamba. Watawa wa Mtakatifu Mikaeli walidai ardhi iliyokuwa mikononi mwa mtu mmoja wa Florence, Sigizo. Yeye akajibu kwa jibu ambalo kila mzee wa baraza amelisikia: nimekaa hapo miaka zaidi ya 40, mimi na baba yangu, dai lenu limepitwa na muda. (Kwetu Tanzania sheria ya mwaka 1971 inasema miaka 12, na nimeona watu wakizihesabu kwa vidole mbele ya hakimu.) Watawa wakasema hawakunyamaza miaka yote hiyo, walilalamika, ila hawakupata wa kuwasikiliza. Ndipo mahakama, iliyokaa kwa mamlaka ya Beatrice, mtawala wa Tuscany, ikaleta kanuni kutoka Digesta: mtu aliyekosa kufikia haki kwa sababu hakukuwa na hakimu wa kumwendea, arudishiwe haki yake. Watawa wakashinda. Miongoni mwa waliokuwepo siku ile hati inamtaja Pepo, mwalimu wa sheria. Napenda kufikiri kwamba ndiye aliyekuja na kanuni ile mfukoni, ingawa hati haisemi hivyo.

Nakala kamili ya Digesta iliyookoka kutoka karne ya 6 yenyewe ilikuwa moja tu. Wapisa waliitunza kama masalia ya mtakatifu, na Florence ilipoushinda mji wa Pisa mwaka 1406 iliichukua kama nyara. Ipo huko Florence hadi leo.

Kizazi kimoja baada ya kesi ya Marturi, mwalimu aitwaye Irnerius alikuwa akifundisha kitabu hicho huko Bologna, neno kwa neno, akiandika maelezo yake pembeni mwa kurasa. Wanafunzi walimiminika kutoka pande zote za Ulaya. Hapa ndipo napoona jambo la ajabu katika historia hii yote. Sheria kwa kawaida huja na askari. Sisi tunajua, tumeletewa mbili, ya Kijerumani na ya Kiingereza, katika umri wa babu mmoja. Sheria ya Kirumi ilipokwenda mara ya pili Ulaya haikuwa na askari hata mmoja. Ilikwenda katika mikoba ya vijana waliomaliza masomo na kutafuta kazi, na kazi waliipata katika nyumba za wafalme na za maaskofu.

Wafalme walikuwa na sababu zao. Mwaka 1158 kaisari Frederick Barbarossa aliita mkutano katika uwanda wa Roncaglia, kaskazini mwa Italia, akawaita walimu 4 wa Bologna, wanafunzi wa shule ya Irnerius, wamwambie ni haki zipi za mfalme. Wakamwandalia orodha: barabara, mito ipitikayo kwa vyombo, bandari, ushuru, sarafu, faini. Kuna hadithi ya zamani kuhusu wawili kati ya walimu hao, Bulgarus na Martinus. Kaisari alikuwa amepanda farasi katikati yao, akawauliza kama yeye ni bwana wa dunia yote. Bulgarus akasema ndiyo kwa utawala, lakini si kwa mali za watu. Martinus akasema ni bwana wa vyote. Kaisari aliposhuka akampa Martinus farasi wake. Bulgarus akatoka na mzaha ambao ladha yake imo katika Kilatini, kwa kuwa neno la farasi na neno la haki yanakaribiana sana katika lugha hiyo: amekosa farasi kwa sababu ya kusema haki, na hiyo si haki. Kama hadithi hii ilitokea au ilitungwa, waliokuwa wakiisimulia waliijua vizuri hatari ya taaluma yao.

Kwa maana kitabu kile kilikuwa na makali pande mbili. Ulpian ameandika humo kwamba linalompendeza mtawala lina nguvu ya sheria, na hakuna mfalme aliyehitaji kusomewa sentensi hiyo mara mbili. Lakini katika amri za makaisari mlikuwa pia na kanuni ndogo kuhusu walezi wa yatima: walezi wakiwa wengi, jambo linalowagusa wote lazima likubaliwe na wote. Wanasheria wa kanisa waliichukua kanuni hiyo ya yatima wakaitumia kwa mabaraza yao, na mwaka 1295 mfalme Edward I wa Uingereza aliiweka katika barua ya kuwaita maaskofu wakuu bungeni, akitaka wakubali kumpa fedha za vita. Kwa hiyo kitabu kilekile kiliwapa wafalme nguvu, na kikawapa raia wao neno la kuwajibu.

Waliokuwa na mwamko mapema kuliko wote ni watu wenye mila zao. Alfonso X wa Castile, aliyetawala kuanzia 1252 hadi 1284, aliwaweka wanasheria wake kuandika kitabu kikubwa cha sheria, Siete Partidas, yaani Sehemu Saba. Waliandika kwa Kikastilia badala ya Kilatini, jambo ambalo mimi kama mpenda Kiswahili siwezi kulipita bila kulisifu. Lakini chini ya Kikastilia kile unasikia Bologna. Makabaila wake walisikia pia, na mwaka 1272 waliasi, mojawapo ya malalamiko yao likiwa kwamba mfalme ameacha desturi za kale za nchi akaleta hukumu mpya. Alfonso alirudi nyuma. Kitabu kilikaa mpaka mwaka 1348, kitukuu wake Alfonso XI alipokipa nguvu ya sheria, tena kwa unyenyekevu: kitumike pale tu ambapo sheria za mfalme na desturi za miji ziko kimya. Desturi za miji, kama tujuavyo, ziko kimya juu ya mambo mengi sana. Kitabu kikaingia kwa mlango huo wa nyuma na hakikutoka.

Haya yote ni ya utawala. Nirudi kwenye swali langu la jinsi ya kujua.

Vile viapo vya moto na maji vilikuwa na wapinzani tangu zamani. Agobard yule wa Lyon alikwisha kuandika dhidi yake. Katika karne ya 12 wapinzani waliongezeka. Wanatheolojia wa Paris walisema kumlazimisha Mungu kufanya muujiza kila Jumatatu ya kesi ni kumjaribu. Wanasheria wa Bologna walisema kwa ufupi zaidi kwamba hakuna kitu kama hicho katika vitabu vyao. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano, chini ya Papa Innocent III, ulipiga marufuku mapadri kubariki chuma na maji. Bila baraka, chuma ni chuma tu. Mwaka 1231 Frederick II, mjukuu wa Barbarossa, katika sheria alizozitoa Melfi kwa ajili ya ufalme wake wa Sicily, alivifuta viapo hivyo kwa dhihaka. Alisema waziwazi kwamba ni ujinga kuamini kuwa chuma cha moto kitapoa bila sababu ya maumbile.

Basi mahakama za Ulaya zilijikuta hazina njia ya kuhukumu kesi nzito. Fikiri juu ya hakimu aliyezoea kumwachia Mungu. Sasa anaambiwa ahukumu yeye, mtoto wa fulani, anayejulikana kijijini, na mtu anyongwe kwa neno lake. Ni nani aliyempa haki hiyo, na majirani watamwamini kwa lipi? Jibu lilipatikana katika vitabu vya Kirumi na vya kanisa. Hakimu hatahukumu kwa maoni yake. Atakusanya ushahidi, ataandikiwa kila neno na karani, na atamtia mtu hatiani akiwa na mashahidi wawili wa kuaminika walioona kwa macho yao, au akiwa na kukiri kwa mtuhumiwa mwenyewe. Shahidi mmoja hatoshi, hata angekuwa nani. Msomaji Mwislamu anayeijua mahakama ya kadhi hatahitaji kuelezwa uzito wa mashahidi wawili. Kwa macho yangu hii ni moja ya hatua kubwa katika historia ya haki. Mgeni na maskini, ambao jana walikosa waapaji, leo waliulizwa nini kilitokea badala ya kuulizwa wao ni nani.

Ila uhalifu haufanyiki mbele ya mashahidi wawili. Nani aliyeiba usiku, nani aliyetia sumu, nani aliyemvizia mwenzake njiani? Damu kwenye nguo, kisu kilichokutwa, ugomvi wa jana yake: vyote hivyo, kwa hesabu ya wanasheria, vilikuwa nusu ya ushahidi, na nusu mbili za namna hiyo hazikufanya moja ya kumnyonga mtu. Kilichobaki ni kukiri. Na namna ya kupata kukiri, Warumi walikuwa wameiacha pia kitabuni. Roma iliwatesa watumwa ili watoe ushahidi, na katika kesi za uhaini haikumsaza mtu. Katika karne ya 13 miji ya Italia ikaifufua desturi hiyo, kisha falme zikafuata. Sehemu ya saba ya kitabu cha Alfonso inaeleza nani asiteswe: mtoto chini ya miaka 14, mwanamke mjamzito, kabaila, mshauri wa mfalme, na mwalimu wa sheria. Hilo la mwisho walijiandikia wenyewe.

Kanuni ilikuwa na breki zake. Kwanza pawe na ile nusu ya ushahidi, na kukiri kwa mateso hakuhesabiki mpaka mtu akurudie baadaye, akiwa nje ya chumba kile, bila kamba. Akikanusha, aliweza kurudishwa. Sitaki kusema kwamba wanasheria wale walikuwa wakatili. Nadhani walikuwa waangalifu, na hilo ndilo linalonitisha. Walidai uhakika mkubwa mno kabla ya kumwua mtu, na kwa kuwa uhakika wa namna hiyo haupatikani, waliutafuta mahali pabaya.

Waingereza walipita njia nyingine, na si kwa sababu hawakuijua sheria ya Kirumi. Vacarius, msomi kutoka Italia, aliifundisha kwao karibu na katikati ya karne ya 12, na kitabu kikubwa cha sheria kilichobeba jina la hakimu Bracton, aliyekufa 1268, kimekopa mengi kutoka kwa Azo wa Bologna. Lakini Henry II alikuwa amekwisha kujenga mahakama zenye nguvu kabla kitabu cha Kirumi hakijapata kiti. Kwa amri yake ya mwaka 1166 watu 12 wa kila tarafa waliapishwa wawataje wahalifu wa kwao, ambao walipelekwa kwenye kiapo cha maji. Aliyeokoka majini lakini majirani wakamtaja kuwa mtu mbaya, alifukuzwa nchini vilevile! Hata kabla ya 1215, basi, neno la majirani lilikuwa na nguvu kuliko maji. Mapadri walipojitoa, mwaka 1219 serikali ya mfalme mtoto Henry III iliwaandikia majaji watumie busara zao, nao taratibu wakawageukia majirani wale wale: waapeni mtuambie ana hatia au hana. Ndiyo asili ya juri. Na mwaka 1236, katika mkutano wa Merton, maaskofu walipotaka mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa ahesabiwe halali wazazi wake wakioana, kama wasemavyo Warumi na kanisa, mabwana wa nchi walijibu kwa sauti moja kwamba hawataki sheria za Uingereza zibadilishwe.

Tusiwapambe mno. Mtu aliyekataa kuhukumiwa na juri walimfunga, kuanzia sheria ya mwaka 1275, katika kifungo kikali mpaka akubali, na baadaye walimlundikia mawe kifuani. Desturi hiyo haikufutwa mpaka 1772. Lakini kumtesa mtu ili akiri hakukuwa utaratibu wa mahakama zao za kawaida. Njia hiyo ya Kiingereza ndiyo iliyotufikia sisi, kwa kupitia India. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967, kifungu cha 143, inasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayotakiwa kuthibitisha jambo. Mmoja aweza kutosha akiaminika. Roma imebaki kwetu katika Kilatini cha mawakili, kama wasemapo "res judicata" kwa kesi iliyokwisha amuliwa, na mdai aliyetoka shambani akawatazama.

Bara la Ulaya likaendelea na mashahidi wawili au kukiri. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Ufaransa. Mfalme Philip IV, aliyetawala 1285 hadi 1314, alizungukwa na wanasheria waliosoma vitabu vya Justinian. Mmoja wao, Guillaume de Nogaret, alikuwa amefundisha sheria Montpellier. Tarehe 13 Oktoba 1307 watu wa mfalme waliwakamata Watemplari, watawa wapiganaji waliokuwa na mali nyingi, wakashitakiwa kwa uzushi na machukizo. Mashahidi wawili wa macho hawakuwepo. Kati ya 138 waliohojiwa Paris katika wiki zile za kwanza, ni 4 tu ambao hawakukiri lolote. Mwanzoni mwa 1310, tume ya Papa ilipofungua masikio, mamia walijitokeza kusema kwamba walikiri kwa mateso. Kwa sheria, aliyekiri kisha akakanusha aliweza kuhesabiwa kuwa amerudia uzushi, na adhabu yake ni moto. Tarehe 12 Mei 1310, 54 kati yao walipakiwa katika mikokoteni na kuchomwa nje ya mji.

Katika kitabu cha 48 cha Digesta, Ulpian amesema wazi kwamba mateso ni kitu dhaifu na cha hatari, kinachoidanganya kweli. Wako wenye miili migumu ambao hutatoa neno kwao, na wako wasioweza kuvumilia, ambao watasema uongo wowote kuliko kuumia. Sentensi hiyo ilisomwa Bologna, Orléans na Montpellier, ikaandikiwa maelezo pembeni. Nogaret hakuweza kuwa hakuijua.

Siku iliyofuata, tarehe 13 Mei, aliletwa mbele ya tume ya Papa Mtemplari mmoja, Aimery wa Villiers-le-Duc, mwenye umri wa miaka 50 hivi. Hati inasema alikuwa amesawijika kwa hofu. Aliapa kwamba makosa yote yaliyowekwa juu ya chama chao ni ya uongo. Kisha akasema kuwa jana yake aliwaona wenzake wakipelekwa kuchomwa, na kwamba anajua hataweza kuvumilia. Wakimtisha hivyo, atakiri chochote watakacho, hata wakimwambia aseme kwamba alimwua Bwana mwenyewe. Akawasihi makamishna na makarani wasiwaambie watu wa mfalme maneno yake. Makarani walikuwa wameshayaandika.